Turbo ya Tatu

Kila gari lililopita barabara ya Kahama usiku ule, Mama Ansgar alilikataa kwa sikio kabla halijafika karibu. Hili lori la pamba. Hili Land Rover, ekzosi imetoboka. Alilokuwa akilingoja lilikuwa Datsun nyekundu ya Donatus, gari pekee mjini Shinyanga lililopiga mluzi likishika kasi, na mwanawe Ansgar alikuwa ndani yake. Waliondoka asubuhi kwenda kulijaribu njia ya Geita. Walisema jua likizama watakuwa wamerudi.

Mluzi ule ulikuwa kazi ya mikono ya Ansgar. Alianza utingo kwenye malori ya ushirika, kisha akaingia chini ya malori hayohayo na spana, na huko ndiko alikoijua turbo: konokono wa chuma anayezungushwa na moshi wa ekzosi, naye huishindilia injini hewa mpaka ipate nguvu isiyo yake. Donatus, mwenye duka la nguo na wazimu wa mashindano ya magari, alimtaka aifungie Datsun yake. Ansgar akaifunga, akabadilisha klachi, akatia difu ngumu zaidi kwenye ekseli ya nyuma ili nguvu ile isivunje meno yake. Gari likaruka kama swala.

Kisha turbo ikafa. Ikaja ya pili, nayo ikafa vilevile: moshi wa bluu, shafti inacheza kama jino la mtoto.

"Mama Ansgar, mwanao ananiulia vyuma," Donatus alisema mbele ya duka lake, watu wakisikia. "Au amepata mteja wa beringi zangu?"

Ansgar alilimeza tusi. Aliifungua ile maiti uani, juu ya gunia, akamwita mama yake. Njia ya oili ilikuwa imezibwa na kitu cheusi.

"Unaona nini, mayu?"

"Ukoko," alisema. "Kama wa sufuria iliyosahauliwa kwenye makaa."

"Ndiyo hivyo. Imepikwa."

Ilikuwa miaka ya petroli ya kibali. Dereva aliyeacha injini ingurume gari limesimama alionekana mjinga au mwizi. Kila mtu aligeuza ufunguo kabla magurudumu hayajatulia, na miteremko watu waliishuka kwa frii, injini imezimwa. Donatus naye hivyohivyo. Lakini turbo itokayo mbioni ni moto mwekundu, na bado inazunguka. Ukizima ghafla, oili husimama ikaungulia humohumo.

"Ukifika iache ingurume kidogo, ipoe," Ansgar alimwambia.

"Petroli ya kibali niichome nimesimama?" Donatus akacheka. "Wewe ni fundi au ni tangi linalovuja?"

Ndipo Ansgar alipoweka sharti. Turbo ya tatu ataifunga, lakini kwenye majaribio watakwenda wote wawili, na wa kuzima injini ni yeye Ansgar peke yake.

Turbo haikumtisha Mama Ansgar. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba juma lililopita alimwona Donatus akishuka kuelekea relini bila sauti ya injini, na gari likagoma kusimama mpaka mbuzi wa watu wakatawanyika. Alipomsimulia Ansgar, kijana alimweleza sababu.

"Injini ikizimwa, breki inakosa msaada," alisema. "Pedali inakuwa jiwe."

Na bado akapanda.

Kulipoanza kupambazuka, lori lilisimama mbele ya nyumba. Zikaja hatua za mtu mmoja.

"Hodi. Mama Ansgar."

Donatus.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Fungua kwanza, mama."

Mkono ulikuwa tayari kwenye komeo. Akauondoa. Maneno hayo aliyajua. Ndiyo waliyomjia nayo mumewe alipofariki. Wenye kuleta msiba hawausemei mlangoni. Hukwambia fungua kwanza, keti kwanza, na ukishaketi wewe ni mjane. Akaugeuzia mlango mgongo, akauegemea kwa uzito wake wote.

"Semea hukohuko."

"Si la kusemea nje, mama."

"Basi lisisemwe."

Alimsikia Donatus akivuta pumzi upande wa pili wa ubao.

"Nilizima," alisema hatimaye. "Mteremko mmoja, mbele ya Bugarama. Yeye ameinama anaisikiliza difu, mimi nikatia frii, nikageuza ufunguo. Mazoea tu, mama! Breki ikawa jiwe. Akaurudisha ufunguo, akachomeka gia tukiwa kasi, injini ikatushika. Lakini kichuguu kilikuwa kimeshatufikia, tukakigonga. Bomba la oili likakatika, oili ikaimwagikia turbo. Ikawaka."

"Na Ansgar?"

"Mimi mguu ulinasa. Aliuzima moto kwa mchanga. Kwa mikono mitupu."

"Nimekuuliza Ansgar!"

Huko barabarani mlango wa nyuma wa lori uliangushwa kwa kishindo, na sauti ikafoka:

"Taratibu, bwana! Mimi si robota la pamba!"

Mama Ansgar alihangaika na komeo. Lilipotoka, aliufungua mlango mpaka ukagonga ukuta, akampita Donatus bila salamu. Ansgar alikuwa anakuja, mikono yake imefungwa kwa vipande vya shati, ameiinua mbele yake kama padri altareni.