Dada Yangu na Watetezi wa Bangi wa Umbilo

Mama ndiye aliyenituma Durban. Kwenye simu ya jirani yetu pale Kigoma ilikuwa imefika picha: dada yangu Odeta, mwimbishaji wa kwaya tangu usichana wake, amesimama barabarani katikati ya watu wenye mabango yaliyochorwa jani la bangi. Mama aliitazama sana, kisha akaniambia, "Shule zimefungwa, hufundishi. Nenda ukaone kwa macho yako kama mwenzako bado ni mzima."

Basi la kutoka Dar es Salaam lilitupitisha Zambia na Zimbabwe. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumrudisha dada kwenye mstari. Johannesburg nikabadili basi, tukateremka kuelekea baharini. Kitu cha kwanza nilichokiona Durban ni malori ya makontena, yamepanga foleni ndefu kungoja kuingia bandarini.

Odeta anaishi mtaa wa Umbilo, juu ya duka la simu. Amekaa na Wakongo miaka mingi hata Kiswahili chake kimehamia kwao. Mume wake Fiston, mtu wa Uvira huko Kongo, alinipokea begi. Nilipoingia ndani nilivuta pumzi kwa makusudi. Nikasikia harufu ya samaki na ya sabuni, basi.

"Dada, unavuta?" niliuliza kabla sijakaa.

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mi sivutake, mdogo wangu. Niko napigania jina ya bwana yangu."

Fiston alikuwa dereva wa malori yale. Zamani, kabla sheria haijabadilika, polisi walimkuta na msokoto mmoja wa bangi, akahukumiwa. Siku hizi mtu mzima anaruhusiwa kutumia bangi faraghani kwake, lakini hukumu ile bado imo kwenye kumbukumbu za polisi, na kila anapoomba kazi huonekana.

"Kosa ilishaisha, shemeji," aliniambia. "Mimi ndo nimebakia nayo."

Jumamosi Odeta alinipeleka kwenye mkutano wao, katika ukumbi mdogo hapo hapo Umbilo. Nilitarajia moshi. Nikakuta chai, wastaafu wawili wenye maumivu ya viungo, vijana wa rasta, mwanasheria mmoja, na kiongozi wao, Mama Zodwa, Mzulu mwenye mvi aliyewahi kufungwa kwa sababu ya miche ya bangi nyuma ya nyumba yake. Walibishana vikali. Wengine walitaka biashara iruhusiwe kwanza, ili wakulima wa vijijini wasiachwe nyuma ya matajiri. Mama Zodwa akashikilia kwamba wenye hukumu za zamani wasafishwe majina kwanza. Niliuliza maswali mengi mno, nikasahau maneno niliyoyapanga safarini.

Jumapili tulikwenda Mobeni, kwenye ghala ambalo Wakongo na Warundi wamelifanya kanisa. Mchungaji, aliyekuwa ameiona ile picha ya barabarani, alikuwa amekubali Mama Zodwa aseme kidogo kabla hajaamua kama Odeta ataendelea kuongoza kwaya. Lakini mkalimani wa kanisa alikataa kutafsiri habari za bangi. Odeta akanitazama. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, ningejificha wapi?

Nikasimama kando ya Mama Zodwa. Akasema sentensi ya kwanza kwa Kiingereza, nami nikaisikia ikitoka kinywani mwangu: "Mimi nilifungwa." Kanisa zima likanigeukia. "Sikuja kuwaomba mvute bangi. Watoto wasiiguse kabisa. Nauliza tu: kosa likishafutwa kwenye sheria, aliyeadhibiwa kwa ajili yake aachiwe lini?"



Mchungaji akainua mkono. "Sheria inasema nyumbani kwako. Sisi tunapanga familia mbili chumba kimoja. Hapo nyumba iko ya nani?"

Nilimtafsiria. Mama Zodwa akatikisa kichwa. "Eish. Hapo bado hatujashinda."

Nadhani ukweli huo ndio uliomfanya asikilizwe. Hata hivyo mchungaji alimpumzisha Odeta uongozi wa kwaya. Dada alilia ndani ya taksi, Fiston amemshika mkono. Lakini kabla hatujaondoka, waumini wawili waliovaa suti walimfuata Mama Zodwa getini, wakazungumza naye kwa sauti ya chini, na mmoja wao akavua miwani akajifuta macho.

Nilirudi Kigoma shule zikikaribia kufunguliwa. Fiston alikuwa bado anangoja jibu la kazi aliyoomba. Nilimweleza mama yote: kwamba Odeta ni mzima, kwamba mimi bangi bado siipendi, na kwamba sasa naweza kutofautisha kuipenda na kumwonea huruma aliyeadhibiwa kwa ajili yake.

Mama alisikiliza hadi mwisho. "Huyo mama wa Kizulu," akauliza, "alikaa gerezani muda gani? Nani alibaki na watoto wake?"

Nilikuwa nimesema "nilifungwa" mbele ya kanisa zima, wala sikukumbuka kumwuliza. Nikachukua simu, nikampigia Odeta, nikamwomba aniunganishe na Mama Zodwa.