Kipamkono cha Mpiga Picha

Mimi sijui kutulia. Hata sasa, uzee umeshanikalisha kitako, mguu mmoja unachezacheza chini ya meza kama una ugomvi na sakafu. Mama yangu alikuwa akisema nimezaliwa na upupu mwilini. Wenzangu walisemwa kwa uvivu, mimi nilisemwa kwa kuinuka, kwa kuchungulia, kwa kusimama mlangoni hali nimetumwa jikoni. Siulalamikii upupu huo. Ndio ulionipatia uungwana wangu, na nitaeleza vipi, mkinivumilia nikiinuka mara moja moja.

Ilikuwa Chole, wakati wa Mjerumani, boma likiwa bado liko pale kisiwani. Mama na mimi tulikuwa watumwa wa mtu mmoja mwenye minazi. Babu yake alitoka Maskati na nyanya yake alikuwa wa hapa hapa, lakini ukimsikia akizungumza ungedhani nyanya huyo hakuwahi kuzaliwa. Watu huniuliza kama alikuwa akitupiga. Hakutupiga. Alikula jasho letu kwa adabu, akisema bismillahi kwanza.

Nilikuwa nimeshaposwa. Aliyeniposa alikuwa fundi wa kuunda madau, maskini lakini mwungwana, na alinipenda nami nilimpenda. Mama hakukubali niolewe kabla ya kukombolewa, kwa sababu mtoto hufuata tumbo: mama mtumwa, mtoto mtumwa, baba awe nani. Bwana alikuwa ameshataja bei yangu, na mama alikuwa akiikusanya kwa mikeka aliyosuka Alhamisi na Ijumaa, siku ambazo mtumwa aliachiwa ajifanyie lake. Alikuwa amesuka mpaka vidole vimepinda. Kilichobaki hakikuwa kikubwa, lakini mama yake yule fundi alikuwa amechoka kungoja, naye ameanza kumtaja binti mmoja wa kisiwa cha Jibondo, mwungwana, asiye na bei. Kila nilipolisikia jina la Jibondo niliinuka nikatoka nje.

Hapo ndipo alipokuja mpiga picha. Alikuwa kijana wa Kigoa, masharubu yamepakwa mafuta, ametoka Unguja na sanduku la miguu mitatu na makasha ya vioo. Wakati ule kila picha ilikuwa na kioo chake, na kioo kikishaharibika ndiyo basi. Alitaka sura za wanawake wa pwani azitie katika kadi, Wazungu wanunue wawapelekee jamaa zao kwao. Alisimama mbele ya baraza la wanaume akasema anataka mabibi, mabibi hasa, na mapambo yao. Wazee walimtazama kama mgeni aliyeomba kulala chumba cha ndani.

Bwana wetu ndiye aliyemwonea huruma, au aliyenusa faida. "Mabibi huwapati," akamwambia. "Lakini ninao vijakazi wazuri. Wavishe tu." Wakapatana pale pale. Kila picha itakayotoka vizuri, rupia moja mkononi mwa bwana, isiyotoka, hailipwi. Sisi wenye nyuso tungepewa chakula cha mchana na kipande cha halua. Hakuna aliyetuuliza, na wakati ule hata sisi hatukushangaa kutoulizwa.

Tukachaguliwa wasichana watatu. Mke wa bwana alinivua kaniki yangu kwa mikono yake mwenyewe, akanivika leso mpya, mkufu wake, kipini chake na majasi yake ya fedha masikioni, na kila alichonivika alikitaja kwa sauti nisije nikasahau kuwa si changu. Nilipojitazama katika kioo chake niliona bibi. Nikaona raha, kisha nikaona hasira, vyote kwa pamoja, na sikujua niviweke wapi.

Wenzangu wawili walikaa kama mitungi. Picha zao zikatoka, bwana akapokea rupia zake. Zamu yangu ikafika. Mgoa akajifunika shuka jeusi, akapiga kelele kutoka humo ndani: "Tulia! Usipepese! Usipumue!" Mtu akiniambia nisipumue, mimi hukumbuka kupumua. Bega likaniwasha. Nzi akapita. Nikageuza kichwa kidogo tu, kidogo kabisa, na aliporudi kutoka katika ghala la giza alikosafishia kioo, uso ulikuwa umemshuka. "Ana pua mbili," akasema.

Wallahi sikukusudia. Siku ya pili nikaharibu tena, na ya tatu. Wale wengine wangeweza kukaa mpaka kiama, lakini yeye alikuwa ameshaniona mimi ndani ya sanduku lake na hakutaka tena mwingine. "Huyu ndiye," alikuwa akisema, karibu alie. "Huyu ndiye atakayeuzika." Bwana akaniita kando. Akaniambia nisipotulia atanipeleka shamba la Kanga nikavunje nazi mpaka nizeeke. Kanga ni mbali na Chole, na mbali na fundi wa madau. Basi woga ukaongezeka juu ya upupu, na kesho yake picha ikatoka nina pua tatu.

Jioni nilimkuta mama mlangoni anasuka. Nikamweleza yote, nikizunguka zunguka mbele yake.

"Vioo vyake vimebaki vingi?" akaniuliza.

"Vichache. Na chombo chake kinaondoka karibuni. Leo alikuwa anang'ata masharubu."

Akaacha kusuka. Mama hakuwa mtu wa kuacha kusuka. "Kwa hivyo hakuna awezaye kukutuliza."

"Hakuna."

"Hata bwana?"

"Bwana ndiye anayenitetemesha!"

Akacheka, kicheko ambacho sikumzoea nacho. "Mikono yako ni ya bwana, na miguu ya bwana. Lakini utulivu, mwanangu, hakuununua, maana hukuzaliwa nao." Kisha akaushika tena ukili wake. "Taabu ni jina tu. Tukidai ujira, ujira wa mtumwa ni wa bwana wake, huo ndio mwisho wa maneno. Tutafute jina jingine."

Asubuhi alikuja nami mpaka barazani, wanaume wamekaa, bwana katikati yao, Mgoa anatengeneza miguu ya sanduku lake uwanjani mbele yao. Nilikuwa nimeshavikwa mapambo, ushungi umenifunika uso. Mama akaamkia.

"Shikamoo, bwana. Shikamooni, wazee."

"Marahaba."

"Huyu mwanangu leo atatulia. Nimezungumza naye. Ila amekataa kufunua uso mpaka apewe kipamkono."

Kila mtu pale alijua kipamkono ni nini. Ni ile zawadi mume anayompa bibi harusi chumbani, kabla bibi harusi hajampa mkono na kumfunulia uso wake. Ni chake peke yake. Baba hakigusi, mama hakigusi, na mume akishakitoa hakirudishi. Kila mtu alijua, isipokuwa Mgoa wa watu. Yeye alidhani ni namna ya bakshishi.

"Kipamkono?" akasema, ameinua kichwa, furaha imemjaa. "Hayo tu? Nitampa mimi! Rupia moja kila picha, mkononi mwake mwenyewe! Na ile ya bwana iko pale pale!"

Baraza lilipasuka. Mzee mmoja alidondosha kikombe cha kahawa. "Hongera, bwana harusi!" wakampigia kelele. "Mahari umetoa?" "Na harusi ni lini, tule biriani?" Bwana naye alicheka, tena alicheka kwa nguvu kuliko wote, kabla hajafikiri. Alipofikiri alinyamaza.

"Mtumwa hana chake," akasema. "Rupia zote mbili nitazipokea mimi."

Yule mzee aliyedondosha kikombe alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko. "Ah, sheikh," akamwambia taratibu. "Wewe utakula kipamkono cha mwari?"

Sheria ilikuwa upande wa bwana, na kicheko kilikuwa upande wetu. Niliona akitazama uso mmoja baada ya mwingine, akitafuta mtu asiyecheka. Hakumpata. Akapunga mkono kama anafukuza inzi, akaagiza kahawa nyingine.

Mgoa akanitilia rupia kiganjani. Nikafunua uso.

Sasa palibaki jambo ambalo sikumwambia mama: kwamba sikujua kama nitaweza. Mwili wote ulikuwa ukinitambaa. Mama alikwenda akasimama kando ya sanduku, bega kwa bega na lile shuka jeusi, akatoa ukili wake akaanza kusuka. "Nitazame mimi," akasema. Nikatazama vidole vyake vilivyopinda vikipita juu, vikipita chini. Nikasahau bega, nikasahau nzi. Mgoa alipotoka katika ghala lake alikuwa anaimba.

Tukafanya hivyo siku hadi siku, rupia kwa bwana na rupia kwangu. Mitaani waliniita mke wa mpiga picha, na mama yake fundi aliposikia alifoka mpaka kwa jirani wa tatu. Nilichomekea rupia zangu upindoni mwa kaniki nikapita zangu.

Kikabaki kioo cha mwisho. Rupia yake ndiyo ingekamilisha bei yangu. Nilikaa kitini, nikamwona mama pale kando, kaniki imechakaa, jasho puani, na ukili mkononi. Jambo likanijia nikaropoka.

"Hiki mpige mama."

Mgoa akacheka, si kwa ubaya. "Uso ule nani atanunua?" Akanitazama, akaona sicheki. "Haya. Lakini hiki sitalipa. Si wewe, si bwana."

"Sawa," nikasema. Nilikuwa nimeshainuka. Nilikuwa tayari kusuka mikeka mwaka mzima, fundi angoje, Jibondo iende zake.

"Kaa chini," mama akasema.

"Mama, mara moja tu."

"Kaa. Mimi nimekuja kuuza, sikuja kununua."

Nikakaa. Machozi yalinitoka, lakini sikutikisika.

Siku tuliyompelekea bwana bei yangu, alizimimina rupia mkekani akazipanga. Mgoa alikuwa amemlipa yeye, akanilipa na mimi, na sasa zangu nazo zilikuwa zinakwenda kwake. Kazi yote ile ya maneno, kicheko chote kile, kilikuwa cha kuzipitisha mkononi mwangu njiani kwenda kwake. Nililiona jambo hilo waziwazi na likaniuma. Lakini kama zisingepita mkononi mwangu, nisingetoka. Akanichukua bomani, hati ikaandikwa. Akaniambia nikae kidogo ninywe kahawa, maana sasa ni mgeni wake. Nikamwambia sikai.

Niliolewa na fundi wangu. Siku ile ile niliyotoka ndani, fungate ilipokwisha, tulianza kukusanya bei ya mama, mimi nasuka, mume wangu anaunda, na yeye mama bado Alhamisi na Ijumaa. Tulikuwa tumefika nusu. Mama akashikwa na homa mvua za masika, akafa nyumbani kwa bwana, mtumwa, na bwana akatoa sanda nzuri. Sijapata kumsamehe kwa sanda ile.

Miaka kadhaa baadaye mume wangu alikwenda Dar es Salaam kwa kazi ya vyombo, akaiona kadi dukani. Ilikuwa picha ya kile kioo cha mwisho. Alilipa bei kama Mzungu ili ampate mke wake, na njia nzima ya kurudi alikuwa akijisifu kwa mabaharia kuwa yeye ndiye aliyetoa kipamkono cha pili.

Ninayo hapa mezani. Nimekaa na majasi ya watu na mkufu wa watu, bibi mtupu. Wageni wakiiona huniuliza mbona sikumtazama mpiga picha, mbona macho yameelekea pembeni. Huwaambia niliona haya. Wakishaondoka huishika karibu na taa, nikayafuata yale macho mpaka pale yanapotazama, ukingoni, kadi inapokwisha, na kwa muda huo mguu wangu hutulia.