Kiti cha Uvivu cha Jirani

Katika albamu za harusi za watu wengi hapa Tabora yumo bibi yangu, ameshika ungo wa karanga. Hakualikwa. Nyumba tunayokaa ilijengwa na Wajerumani. Ina matao barazani na kuta nene hivi kwamba mtu anaweza kulala dirishani, kwa hiyo maharusi huja kupigia picha mlangoni kwetu. Bibi hasogei. Anasema yeye yuko kwake, wao ni wapita njia.

Mwenye nyumba hasa ni mjomba. Aliinunua alipokuwa na kazi hapa, kisha akahamishiwa Dodoma, akatuleta sisi wawili tuitunze. Mtaa huu ni wa wakubwa: mageti, kamera, magari yanayooshwa kila asubuhi hata kama jana hayakwenda popote. Sisi tulitoka Sikonge na kinu, kuku saba na jiko la mkaa. Mimi nimeishia darasa la saba, na mtu akinisalimu huwa naitikia akishapita.

Mama wa geti jeusi, anayekaa mkabala nasi, alishampigia mjomba simu mara mbili. Mara ya kwanza kuku wetu waliingia kwenye maua yake. Mara ya pili ilikuwa kinu, maana bibi alikuwa akitwanga karanga alfajiri. Mjomba akasema kwenye simu, kwa ile sauti yake ya upole inayotisha, "Mama, malalamiko ya tatu yakija, napangisha nyumba, mnarudi Sikonge."

Kule nyumba yetu ilishaanguka, na mguu wa bibi hautaki kukaa mbali na hospitali. Kuku tukawala mmoja mmoja. Kinu kikabaki, ila bibi akawa anatwanga saa nne, wenye mtaa wakiwa kazini.

Ndipo nyumba ya kulia kwetu ikapata mpangaji. Alikuwa karani wa mahakama mstaafu, mwembamba, anayepiga pasi hata kaptula. Jioni ya kwanza alikuja kusalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Nimezaliwa Kisarawe."

Nikaona macho ya bibi yanawaka. Kisarawe ni kwa Wazaramo, na Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu wazee wetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo kwenda pwani. Mtani unamtukana naye anacheka. Unachukua kitu chake mchana kweupe, naye anakuja kukikomboa kwa maneno, au anakuchukulia chako. Tangu tuhame bibi hakuwa na mtani. Mtaa mzima walikuwa wanamsalimia kwa honi.

Kesho yake karani alikwenda sokoni, akaacha barazani kwake kiti cha uvivu, kile cha turubai ambacho mtu hujilaza.

"Mke mwenzangu," bibi akaniita, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "kachukue kile kiti."

"Bibi, ataona ni wizi."

"Mzaramo? Atacheka mpaka aombe maji. Beba!"

Nikabeba. Nilipopita mbele ya kamera ya geti jeusi niliinamisha kichwa, kama ninayeisalimia. Bibi akajilaza kwenye kiti, akakunja mikono tumboni, akasubiri matusi.

Matusi hayakuja. Alikuja karani, amefuatana na mama mjumbe wa mtaa na daftari lake.

"Hicho ni kiti changu," karani akasema.

"Kilikuwa," bibi akajibu. "Nyie Wazaramo mmeanza lini kukalia viti? Si mlikuwa mnakalia ngoma?"

Mama mjumbe akaziba mdomo kwa khanga. Karani hakucheka.

"Mama, mimi ni Mpare. Kisarawe baba yangu alikuwa mwalimu."

Bibi akataka kuinuka. Kiti cha uvivu hakimwachii mtu upesi. Alijaribu mara tatu, mwishowe karani mwenyewe akamshika mkono akamvuta. Sijawahi kuona aibu kama ile, na aibu mimi naijua.

Na Wapare sisi hatuna utani. Basi tulikuwa tumeiba tu, tena kwa Mpare wa mahakamani. Watu husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe aendeshe kesi ya kuku.

"Naomba maelezo ya maandishi," akasema. "Kesho asubuhi. Yasiponiridhisha, nampigia mwenye nyumba."

Mimi naandika polepole, kila herufi naitazama kwanza. Bibi husema kama mvua.

"Andika: Mwanangu Mpare, nisamehe. Nilidhani wewe ni Mzaramo. Ningejua, kiti nisingekigusa. Ningechukua tangawizi yenu ya Upareni."

"Bibi, hiyo ya tangawizi tuiache."

"Andika. Pole tupu ni ugali bila mboga."

Bibi hajui kusoma, ningeweza kuiruka. Lakini niliiona imekaa vizuri. Nikaiandika, na chini nikaongeza yangu ambayo hakunituma: kwamba kaptula iliyopigwa pasi namna ile haifai kujilaza, na sisi kiti tulikichukua kwa kuihurumia kaptula.

Asubuhi nikampelekea, pamoja na kiti chake. Akavaa miwani, akasoma amesimama, akarudia.

"Haina tarehe."

Nikaandika tarehe.

"Na hili la kaptula ni la nani?"

"Langu," nikaiambia sakafu.

Akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni, akafunga mlango. Nyumbani bibi aliona nimerudi bila jibu. Akaanza kufunga vyombo kwenye shuka, sufuria kubwa kwanza.

Kesho yake alfajiri alikwenda uani kuchukua kinu akifunge nacho. Hakikuwepo. Tukatoka barazani. Kinu kilikuwa kwa jirani, mchi ndani yake, na karatasi imebandikwa: KIELELEZO NAMBA MOJA. Karani alikuwa amejilaza pembeni kwenye kiti chake, kaptula imekunjamana yote.

"Mwizi mkubwa wewe!" bibi akapiga kelele, sura yake kama ya bibi harusi.

"Kafungue kesi, mama."

Bibi hakufungua kesi. Alichukua ungo wake wa karanga, akavuka, akaanza kutwanga palepale kwenye baraza la karani, jua bado halijatoka. Haikupita muda geti jeusi likafunguka, mwenye geti akatoka na kilemba cha kulalia.

"Hii sasa imezidi! Nampigia—"

"Unampigia nani?" karani akauliza, bila kuinuka. "Kelele zinatoka kwangu. Leta malalamiko kwa maandishi, nakala tatu, na uweke tarehe."

Bibi akasimamisha mchi.

"Mke mwenzangu," akaniita, "mpelekee jirani kalamu."