Mistari ya Wino Kifuani kwa Mama

Mimi darasa la nne sikumaliza. Miaka ile Tanga nzima inafua kwa majani ya mpapai, mimi nilikuwa navusha sabuni kutoka Moa, mpakani na Kenya, miche nimeifunga kiunoni chini ya kanzu. Ruksa ya biashara ilipokuja nikafungua duka Makorora, na hakuna mtu anayeweza kusema alinishika mkono.

Kwa hiyo mama alipopatikana na saratani ya titi, nilimpeleka Dar kwa gari langu. Wengine walikuja na shuka moja. Mimi nilishusha makatoni: glavu, pamba, bandeji, sabuni. Vitu hivyo siku zile vilikuwa adimu, nami nilitaka wodi nzima ijue nani kaleta.

Daktari alimchora mama mistari ya wino wa zambarau kifuani, mahali mionzi itakapopigwa. Foleni ya mashine ilikuwa ndefu, tukaambiwa turudi nyumbani, tuje Jumatatu. Nesi mmoja mwembamba, Kiswahili chake cha Kibondei, akanifuata mpaka kwenye gari.

"Kaka, nisikilize. Ile mistari..."

"Sista, zile glavu umeziweka wapi? Zisije zikaota miguu."

"Zipo. Ile mistari isiguswe. Maji yasifike, mafuta yasifike, sabuni ndiyo kabisa. Mwambie anayemwogesha."

"Mimi mtu mzima, sista."

"Watu wazima ndio wanaonisumbua."

Nikawasha gari nimevimba. Nani huyu wa kunifundisha mimi sabuni? Nyumbani sikumwambia mtu neno.

Anayemwogesha mama alikuwa mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja. Huyu amelelewa kwa kombe: ukiumwa, mwalimu anakuandikia aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, inaoshwa kwa maji ya waridi, unakunywa. Maandishi yakibaki sahanini hayajamfaa mgonjwa. Jumapili asubuhi akaiona ile mistari, akajua daktari wa Dar naye ameandika yake na watu wamesahau kuiosha. Akaiosha kwa maji ya waridi, akamnywesha mama kwa kikombe. Wino ukagoma. Akaenda stoo kuchukua sabuni yangu.

Nilipoingia chumbani kifua kilikuwa cheupe, hakuna mstari hata mmoja.

"Mama mdogo, umefanya nini?"

"Nimemalizia mliyoyaacha nusu."

Nilimtukana. Mama yangu mdogo, nilimtukana, maneno siyaandiki hapa. Mama akajiinua kwenye mto.

"Mwache mdogo wangu. Wewe uliambiwaje huko?"

Nikaichukua ile sabuni, nikairudisha stoo.

Jumatatu tukarudi Dar, mama mdogo naye kaja; nesi alimfunua mama, akafunika tena. "Leo haingii kwenye mashine. Apimwe upya, apangiwe upya." Wiki nzima ya kusubiri, na uvimbe haungoji mtu. Nikampandishia sauti mbele ya wagonjwa: glavu ulizovaa kaleta nani? Akazivua, akanipa mkononi. "Zako hizi, kaka." Akanipita kama mtu apitavyo fenicha, akamshika mkono mama mdogo.

"Mama, njoo nikuonyeshe."

Akamchora mstari mkononi kwa kalamu, akampa kitambaa chenye maji, akamfundisha kufuta pembeni bila kugusa wino. Mama mdogo akarudia mara tatu, taratibu. Kisha akauliza:

"Sasa haya maandishi yataoshwa lini?"

"Dawa ikiisha. Na utaosha wewe."

Watu huniambia ilikuwa bahati mbaya. Bahati gani? Niliambiwa waziwazi mchana kweupe, nikawa nashughulika na makatoni yangu. Wiki ile imenikaa kooni mpaka leo, na anayetaka kunifariji aende akamfariji mwingine.

Mionzi ilipokwisha, ngozi ilipopoa na nesi akaruhusu, mama mdogo akaomba sabuni. Nilimpelekea mwenyewe. Akaipokea kwenye pazia bila kunitazama, nikabaki nje nasikiliza maji yakimwagika besenini, na hakuna aliyenishukuru.