Mama wa Ngozi na Kinamasi cha Gatitu

Mwikali hakuwa mtu wa kulilia ndege. Korongo wawili wenye taji walikuwa wakitaga katika kinamasi kilicho nyuma ya shamba lake tangu alipohamia Gatitu, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi hata siku moja kusimama kuwatazama jinsi wazungu wanavyofanya na darubini zao. Walikuwa majirani, basi. Waliokota panzi na viwavi kwenye nduma zake na hawakumdai mshahara. Kwa hiyo asubuhi ile ya mwaka 1978, alipokikuta kiota cha korongo kimezama na mayai mawili yakielea kwenye maji meupe kama maziwa yaliyochacha, hakulia. Alishikwa na hasira iliyomfanya asahau panga alikolitupa.

Maji yale aliyajua. Ilikuwa chokaa. Nayo chokaa haikutoka mbinguni, ilitoka kwenye bomba la kiwanda cha ngozi kilichokuwa mlimani juu ya shamba lake, kule ngozi mbichi zilikolowekwa mpaka manyoya yakaachia. Manyoya yenyewe yalikuwa yamefika pia, mekundu, yameshikana mabonge mabonge kwenye matete. Mwikali alichota bonge moja kwa kijiti. Lilikuwa la ng'ombe. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekiuzia kiwanda ngozi kila Jumanne, huenda ng'ombe mwenyewe alipita mikononi mwake.

Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Hasira nyingine unaweza kumtupia mtu. Hii nusu yake ilikuwa yake mwenyewe.

Alikuwa Mkamba wa Kitui, aliyeletwa Nyeri na mume polisi. Mume alinunua kipande kile cha bondeni, kando ya kinamasi, kwa sababu hakuna aliyekitaka, kila mtu akisema ni cha vyura. Alipokufa, ndugu zake walikuja kuchukua redio na baiskeli, wakatazama matope ya shamba, wakaliacha. Mwikali akapanda nduma pale ambapo wengine waliogopa kukanyaga. Baada ya nduma alianza kununua ngozi za mbuzi, moja moja, akizibeba kichwani kutoka machinjioni. Baada ya miaka kumi na miwili alikuwa na pikapu aina ya Pijo, na wachinjaji kutoka Othaya hadi mjini walimwita Mama wa Ngozi. Waliozoeana naye walimwita Mama Mbula, kwa jina la binti yake. Yote hayo yalisimama juu ya maji yale. Nduma haioti kwenye chokaa.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa ofisa wa wanyamapori. Sababu ya kwenda huko ilikuwa jirani yake, mzee Mutahi. Uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku mwaka uliotangulia, na Mutahi alikutwa kando ya kinamasi kile kile na mtego wa kamba na bata maji mmoja. Bata mmoja! Alipewa miezi mitatu na bado alikuwa ndani. Mwikali alidhani kwamba kama bata mmoja ni miezi mitatu, kinamasi kizima lazima kiwe na hesabu yake.

Ofisa alimsikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi.

"Mama, mimi nashika mtu ako na mtego," alisema. "Bomba si mtego."

"Limeua zaidi ya mtego."

"Sawa, lakini nitalifunga pingu wapi?" Akacheka. Alipoona Mwikali hacheki, akavaa kofia yake.

Kesho yake akaenda kwa meneja. Bwana Nderitu alikuwa kijana wa tai na kalamu mbili mfukoni, aliyehamishwa kutoka kiwanda cha biskuti Nairobi mwaka mmoja tu kabla. Mezani pake palikuwa na ramani, na kwenye ramani hiyo kinamasi hakikuwepo. Mahali pake paliandikwa uwanja wa malori.

"Tunafukia pale, Mama Mbula," alisema kwa furaha, kana kwamba anamgawia zawadi. "Mwezi wa nne. Pale ni matope tu, hayana mwenyewe. Hata wewe utapitisha pikapu yako vizuri."

"Na maji yenu mtayapeleka wapi?"

"Yataenda tu. Maji hujua njia yake."

"Kiwanda kilipofunguliwa yalichimbwa mashimo matatu nyuma ya stoo. Nilikuwepo. Waheshimiwa walizungushwa pale wakaambiwa maji ya dawa yatatulia humo kwanza, uchafu ubaki chini, ndio yaachiliwe. Leo kwenye hayo mashimo kuna vyuma vikuukuu na nyasi. Rudisha bomba kwenye mashimo, na kinamasi kiache."

Nderitu akaegemea kiti. "Mashimo yanataka watu sita wa kuyazoa kila wiki. Ati niajiri watu sita kwa sababu ya vyura? Mama, wewe uza ngozi. Hii ingine tuachie."

"Basi sileti ngozi."

"Usilete." Meneja alitabasamu. "Ngozi inakaa siku ngapi? Tatu? Siku ya nne Gatitu yote itanuka. Utakuja hapa mwenyewe, na mimi nitakupa daraja la tatu, bei ya takataka."

Mwikali akatoka bila kuaga. Alipofika langoni akaanza kucheka peke yake, kicheko kibaya, mpaka mlinzi Simiyu akamuuliza kama ameokota noti.

"Nimeokota mjinga," alisema.

Meneja wa kiwanda cha ngozi hakujua ngozi! Tangu aje, alikuwa ameona ngozi mbichi tu, kwa sababu mbichi ndizo zilizotakiwa pale na ndizo zilizolipiwa vizuri. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ngozi iliyopakwa chumvi vizuri, ikawambwa kwenye fremu na kukaushwa kivulini, hukaa miezi bila kunuka. Mama zake Mwikali kule Kitui walifanya hivyo kabla Nderitu na biskuti zake hawajazaliwa. Mwenye ngozi angeweza kungoja. Mwenye mapipa ya kuzungushia ngozi, na oda ya kusafirisha Mombasa, hangeweza.

Akaendesha hadi Othaya kwa Kingori, mchinjaji aliyeuza ngozi zake kiwandani mwenyewe, na mwenye sauti ambayo wachinjaji wenzake waliifuata. Alimkuta akinoa kisu.

"Ndege?" Kingori alisema baada ya kusikia. "Mama Mbula, na mimi hao ndege watanichinjia ng'ombe?"

Mwikali hakuwa amekuja kuhubiri. "Achana na ndege. Mara ya mwisho ngozi yako kupewa daraja la kwanza ilikuwa lini?"

Kisu kikasimama.

"Wanasema niko na alama za kisu," Kingori akanung'unika.

"Uko nazo?"

"Kisu yangu haijakosa tangu nianze hii kazi!"

"Na wanapanga daraja wakiwa wapi?"

"Ndani. Mlango umefungwa."

"Mimi nataka bomba. Wewe unataka mlango ufunguliwe. Kila mtu aje na hasira yake, tutaziweka kwenye pikapu moja."

Kingori akaweka kisu chini. "Wewe ungeniuzia hata mkia wa ng'ombe wangu mwenyewe," alisema, akamwita mwenzake wa duka la pili.

Kilichobaki ni chumvi. Mwikali akaingia kwa Hasmukh mjini, duka la jumla ambalo babake alianzisha kabla ya vita, akaagiza chumvi yote ya magunia iliyokuwa nyuma, na nyingine iliyokuwa njiani.

Hasmukh akavua miwani. "Mama Mbula, unataka kutia Nyeri yote kwenye achari?"

"Meneja mmoja tu."

"Na kiwanda wakija kuuliza chumvi?"

"Waambie imeliwa."

Hasmukh akavaa miwani tena, akaandika risiti. Mkewe Gomti, aliyekuwa kaunta ya pili, alicheka mpaka akaketi.

Jumanne ilipofika, lori la kiwanda lilizunguka Othaya na kurudi na ngozi kumi na moja za mbuzi. Ijumaa likarudi na tatu, moja ina tundu la kupitisha kichwa. Kwenye vibanda vya wachinjaji na nyuma ya nyumba ya Mwikali ngozi zilikuwa zimewambwa zikitazama ukuta kama mashati ya majitu. Kila jioni alizigusa moja moja kwa kiganja, akaongeza chumvi pale palipolowa. Hakulala vizuri. Mvua ingeanza mapema angekuwa amewaangusha wachinjaji ishirini na wawili, na alilijua hilo. Kingori alimtumia ujumbe siku ya saba: wawili wameanza kulegea. Mwikali akajibu kwa mdomo wa utingo wa basi kwamba atakayelegea amletee ngozi zake yeye, atazinunua zote kwa bei ya daraja la kwanza. Hakuwa na pesa za hata nusu yake. Hakuna aliyezileta.

Siku ya tisa mapipa ya kiwanda yakasimama. Ukimya ule ulisikika hadi bondeni. Saa nne, gari la meneja likashuka njia ya matope, likakwama, na Nderitu akamaliza safari kwa miguu.

Alisimama mbele ya ngozi. Akanusa. Akakaribia, akanusa tena.

"Hazinuki," alisema.

"Zingenuka ungezikuta hapa?"

Akajikohoza. "Mama Mbula, mimi na wewe ni watu wa biashara. Nitakupa bei nzuri. Wewe peke yako. Hawa wa Othaya hawahitaji kujua."

Hapo ndipo hasira ya siku tisa ilipomtoka. Alimshika meneja mkono wa koti akamvuta mpaka ukingoni, viatu vikizama. Pale chini fisi-maji, mla samaki wa kinamasi, alikuwa amelala ubavu, amekufa, tumbo limevimba, nzi wamemjaa.

"Mutahi yuko ndani kwa bata mmoja," alisema. "Mmoja! Alitaka kula. Wewe umeua hadi mayai, na hukutaka kula hata moja. Na mimi nimekuletea ngozi miaka yote nikinyamaza, ndio maana nakuambia kwa jina lako, Nderitu, nisikilize. Bomba lirudi kwenye mashimo. Mashimo yazolewe kila wiki. Kinamasi hakifukiwi. Na ngozi zipangwe daraja nje, mwenyewe akiona. Iandikwe, ipigwe muhuri."

"Hayo ni manne. Chagua mawili."

"Hapa hatuuzi sukuma wiki."

Walibishana mpaka jua likawa utosini. Nderitu alikuwa na wakubwa wake Nairobi na malori yasiyo na pa kuegeshwa, na Mwikali aliliona hilo usoni mwake kabla hajalisema. Mwishowe alimwachia ukanda wa matete ulioshikana na ukuta wa kiwanda, robo ekari hivi. Ukiuacha ukanda huo, mambo yote manne aliyapata, kwa maandishi. Akatia sahihi. Alikuwa ameuza kitu ambacho hakikuwa chake kukiuza, na hakuna aliyemlazimisha kujua hilo ila yeye.

Mutahi alipotoka jela alikwenda kuuona ukanda uliojazwa kokoto. "Kwa hiyo mimi nilifungwa kwa bata," alisema, "na wewe umeuza robo ekari ya kinamasi ukashukuriwa."

Mwikali alimpa nduma mbili, na mzee akazichukua bila kusema asante.

Mwaka ule korongo hawakutaga tena. Kiwanda nacho kikasimamisha ubao mkubwa barabarani, uliochorwa ndege mwenye taji, ukitangaza jinsi kinavyojali viumbe wa Mungu. Nderitu akamwomba Mwikali asimame kando yake apigwe picha ya gazeti. Alimwambia akapige picha mashimo.

Tangu hapo hakushusha ngozi kiwandani kabla ya kupita nyuma ya stoo na gambuti zake. Jumanne moja ya mwezi wa kumi, bomba lilikuwa limegeuzwa tena, maji meupe yakiteremka bondeni. Hakupiga kelele. Alirudi langoni, akaikingamisha Pijo katikati ya njia, akazima injini. Nyuma yake pikapu mbili za Othaya zikafanya vivyo hivyo.

"Mama, na lori linatoka," Simiyu akalia.

"Litoke kwa kuruka."

Nderitu akaja mbio, tai begani. "Ni valvu imeshika, Mama Mbula! Ni kosa tu! Shusha ngozi, tutarekebisha mchana!"

"Rekebisha sasa. Ngozi ni za chumvi. Zinangoja."

Meneja akamtazama, akatazama foleni, kisha akakunja suruali mpaka magotini na kushuka mwenyewe kwenye majani, akiwaita watu wake kwa matusi. Mwikali akashuka pia, akasimama juu ya bomba, mikono kiunoni, macho kwenye maji, mpaka chokaa ilipokatika. Kisha akangoja robo saa nyingine, kwa sababu hakumwamini.