Majani Aliyoyaacha Mavyaa

Nakumbuka jioni ile, mwanangu, niliyokatazwa kufagia. Cheka tu, lakini kwa bibi harusi wa Msambweni halikuwa jambo la kuchekesha. Nilikuwa sijamaliza hata mwezi katika nyumba ya mume wangu, na majirani walikuwa bado wananipima. Kwetu mke mpya alipimwa kwa uwanja: jua likitoka, mchanga uwe mweupe, umechorwa mistari ya ufagio wa chelewa, jani lisionekane. Ukizembea siku moja, jina la uvivu utalibeba mpaka uzeeni.

Mavyaa wangu, mamake mume wangu, alikuwa mmoja wa kina mama waliojitolea kutunza bustani ya zahanati. Walipanda milimau, mipapai na mistafeli ili wagonjwa wapate kivuli na matunda. Walimwagilia, wakafagia, wakachoma majani, na miti ikazidi kuwa ya manjano. Basi bwana shamba akaja kuwafunza. Aliwaambia kwamba mchanga wetu wa pwani haushiki maji, na kwamba majani yanayoanguka huufunika usikauke, kisha huoza yakaulisha mti.

"Kila mkichoma majani," alisema, "mnachoma chakula cha mti."

Wengi waliguna. Kijana kama yule awafundishe wao kulima! Mavyaa, aliyeshika jembe tangu utotoni, alimwomba arudie maneno yake polepole. Jioni akaniambia, "Kuanzia kesho, chini ya miti usifagie. Nataka nijaribu hapa kwangu kwanza."

Niliitikia, maana nilimheshimu, lakini niliingia jikoni nikalia. Yeye jina lake lilikwisha kujengeka. Langu je?

Majani yakajaa. Haikupita wiki, jirani yetu Bi Mwanasiti, mama asiyejua kufumba mdomo, akapiga hodi, akasimama akitazama chini.

"Mkaza mwana wako hajambo? Au bado amelala?"

Mavyaa alitoka akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani. "Ameamka kabla yako. Majani haya nimeyaacha mimi, kwa kuwa nimefundishwa jambo nililokuwa silijui. Ukienda kuusema uchafu wa nyumba hii, sema ni wangu. Mwanangu huyu usimtaje."

Mwanangu! Hadi siku ile alikuwa akiniita mke wa Bakari. Nilisimama na sufuria mkononi, nikasahau nilikuwa naipeleka wapi. Mpaka leo namshukuru, na kila nikimwombea dua huanza na neno lile.

Siku moja ya jua kali alifunua majani, akanishika mkono, akautia mchangani. Palikuwa na unyevu, na vidudu vidogo vikikimbia. Tulifurahi kama watoto. Lakini tulikosea bado: tuliyarundika majani hadi kwenye shina, na mpapai mmoja ukaoza. Mavyaa hakumlaumu bwana shamba. Alirudi kumwuliza, akaambiwa aache nafasi kuzunguka shina, akawaonyesha na wenzake wa zahanati, naye akaendelea kuhudhuria mafunzo mpaka miguu ilipomkatalia.

Juzi nilikusikia ukinung'unika kuwa mafunzo ya kikundi chenu hayaishi, leo udongo, kesho wadudu, kesho kutwa mikoko ya Gazi. Nenda, mwanangu. Ardhi unayoilima bado ina mambo hujayajua, hata ukiwa fundi. Ukisikia jipya, liulize, lijaribu kwako, na likienda kombo rudi ukaulize tena. Na watu wakikucheka, usimwache aliye mdogo wako akabeba aibu hiyo. Ibebe wewe.

Mola akubarikie mikono, akuepushe na aibu ya kuuliza, na akuweke karibu na mtu wa kukusimamia siku watu watakapokuwa hawajakuelewa. Amin.