Mbuzi wa Wakwe

Niliwala wajukuu wangu wawili kwenye supu, tena nikaomba niongezewe pilipili. Ngoja nieleze.

Binti yangu alipofariki, watoto wake walikuwa wakiishi nami hapa Kator, kwa kuwa baba yao hakuwa amemaliza mambo ya mahari. Baada ya matanga, wazee wa upande wa huyo baba walivuka daraja kutoka Gumbo, ng'ambo ya mto, wakiwa na mbuzi. Mtu aliyekulia Kenya kama mimi, akaishia kidato cha nne akijiona ameyamaliza ya dunia, akiletewa mbuzi msibani anajua ni pole. Mzee mmoja aliniuliza mara mbili, "Mama, umempokea?"

"Nimempokea, mbona mnasimama? Kaeni, nyama itaiva sasa hivi."

Nikadhani mzee ana haya. Kumbe alikuwa anatafuta mashahidi.

Shule zilipofunguliwa walikuja kuwachukua watoto. Nikaenda korti ya mila, mimi ambaye kufika getini kwangu tu ni safari ya kupigia nguo pasi. Chifu akauliza, "Huyo mbuzi wa kukamilisha ndoa, ambaye ukimpokea watoto ni wa baba yao, yuko wapi?"

"Aliliwa, mheshimiwa."

"Na nani?"

"Na mimi. Na watu wengine pia," nikaongeza, kana kwamba tungegawana hukumu.

Korti nzima ikacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, mpaka nikamsikia mjukuu wangu mdogo, aliyepakatwa na shangazi yake, akiuliza, "Haboba amefanya nini?" Haboba ndiye mimi, bibi yao.

Niliomba basi niwe nawaona Jumapili. Chifu akasema hilo si la korti, ni la hiari ya wenye watoto. Wenye watoto!

Jumapili ya kwanza nilivuka na mandazi. Shangazi yao akaja mlangoni: watoto wamelala. Saa nne asubuhi. Nyuma ya mabati nilimsikia yule mkubwa akikohoa, kile kikohozi chake cha uongo cha kukwepa shule. Sikumwita. Nilitoa mandazi, yakapokelewa kwa mikono miwili, kwa heshima zote, na mlango ukafungwa. Jumapili iliyofuata walikuwa kanisani. Nyingine, nikaambiwa wameenda kwa mjomba wao. Mjomba wao ni mwanangu, na nilikuwa nimemwacha kwangu akinyoa ndevu.

Siku hizi sivuki tena. Miguu, nawaambia watu. Napika mchana, nikija kushtuka nimepakua sahani tatu. Jana jirani yangu, mama aliyerudi kutoka Uganda, alichungulia juu ya ua akaziona. Nikajiweka sawa nipokee pole. Akasema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza huko:

"Haboba, hao watoto hairudi. Wewe ilikula mbuzi. Leta hiyo sahani mbili hapa, nzi isimalize chakula bure."